Kutoka mkuu wa idara hadi mshauri mwenye cheti: kisa cha mwalimu Mkenya huko Texas

Mwalimu wa sekondari kutoka Kaunti ya Machakos ana shahada ya ualimu ya miaka minne, nambari ya usajili ya TSC (tume ya walimu ya Kenya) na miaka kumi na mmoja darasani, minne ya mwisho akiwa mkuu wa idara ya ushauri nasaha. Anashinda bahati nasibu ya viza, anahamia Fort Worth, Texas, pamoja na mume na watoto, na akishatulia kidogo anauliza: nifanye nini ili niwe mshauri wa shule hapa?

Swali hilo nimeulizwa na walimu wengi waliotoka nyumbani, ndiyo maana naliandikia kwa kirefu. Mhusika wa kisa hiki si mtu mmoja. Nimeunganisha hali za walimu kadhaa na kubadilisha yale ambayo yangewatambulisha. Masharti ninayoyataja ni ya kweli, nayo ni ya jimbo la Texas. Nasisitiza hilo kwa sababu mwalimu wetu alidhani Marekani ina cheti kimoja cha mshauri wa shule, kama vile Kenya ilivyo na TSC moja. Haina. Kila jimbo lina masharti yake na hutoa cheti chake, na ukivuka mpaka kwenda jimbo jirani unaweza kuambiwa uongeze kozi, mtihani au saa za mazoezi.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kinachomfanya mtu awe mshauri wa shule ni zile saa anazokaa na wanafunzi huku mtu aliyebobea akimwangalia, akisikiliza rekodi zake na kumrekebisha. Karatasi nyingine zote zipo ili kumfikisha kwenye saa hizo. Mwalimu huyu karibu ashauriwe azikwepe.

Alichokuja nacho

Huko Machakos alipata idara kwa barua ya uteuzi. Mwalimu mkuu alimwona ni mpole, wasichana wanamwendea, basi akamkabidhi ofisi iliyokuwa pia stoo ya vitabu. Hakuna aliyemuuliza kama amesomea ushauri. Kwa kweli shahada ya ualimu ilimpa kozi ya saikolojia ya elimu na kozi moja ya ushauri na uelekezaji, na baada ya kuteuliwa alihudhuria semina za wikendi na kupewa vyeti.

Hili si kosa la shule yake peke yake. Mwaka 2001, mwaka uleule ambao wavulana 67 waliteketea bwenini katika shule ya Kyanguli, Machakos, serikali ya Kenya ilipiga marufuku kiboko kupitia Tangazo la Kisheria nambari 56. Mzigo wa nidhamu ukahamia kwenye idara za ushauri, na idara hizo zikajazwa walimu waliokuwapo, wenye vipindi vyao kamili vya kufundisha. Baadaye ilikuja Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliyoweka msingi wa kuwasajili watu wa taaluma hii. Hata hivyo, shuleni mwalimu wa Kiswahili au wa Dini ameendelea kukabidhiwa idara kwa barua, na wengi wao wameokoa watoto kwa moyo na busara tu. Nawaheshimu sana. Lakini moyo na busara havipimiki, na Texas ilitaka kitu kinachopimika.

Kwa hiyo mwalimu alipowasilisha faili lake, miaka yake minne ya kuongoza idara haikuhesabiwa kama mafunzo ya ushauri. Ilimuuma. Aliniambia kwa simu, sauti ikiwa chini, kwamba amezuia wasichana wawili wasijiue na sasa anaambiwa hajaanza. Sikuwa na jibu la kumfariji. Nilimwambia tu kwamba jimbo halisemi hakufanya kazi hiyo. Linasema hakuna aliyeishuhudia kwa namna ambayo mwingine anaweza kuithibitisha.

Masharti yenyewe

Texas inataka mambo machache, na yanaeleweka mtu akiyasoma kwa utulivu. Kwanza, shahada ya uzamili katika ushauri, yenye krediti (vipimo vya uzito wa kozi) zisizopungua 48, kutoka chuo kilichoidhinishwa. Pili, kukamilisha programu ya maandalizi inayotambuliwa na jimbo, ambayo ndani yake kuna mazoezi ya vitendo ya saa zisizopungua 160 katika shule halisi. Tatu, mtihani wa jimbo wa washauri wa shule, unaojulikana kama TExES 252. Kisha kuna alama za vidole na uchunguzi wa rekodi za jinai, ambao humhusu kila anayeomba cheti cha elimu.

Lilikuwapo sharti jingine. Kwa miaka mingi Texas ilidai mshauri wa shule awe amefundisha darasani angalau miaka miwili. Mwaka 2023 bunge la jimbo liliondoa sharti hilo kupitia mswada SB 798. Walioupigania walitaka kuongeza idadi ya washauri, maana walikuwa wamepungua na watu wenye uzamili wa ushauri walikuwa wakizuiwa mlangoni kwa kuwa hawajawahi kushika chaki. Kwa mwalimu wetu mabadiliko hayo yalikuwa na pande mbili. Hakuhitaji tena kuhangaika kuthibitisha kwamba shule yake ya Machakos inahesabika. Lakini pia ule utajiri pekee uliokuwa wake wazi, miaka kumi na mmoja ya chaki, haukuwa tena na uzito wa kisheria. Wilaya za elimu, ambazo ndizo zinazoajiri, bado huuthamini wakati wa usaili, na nadhani zinafanya vyema, kwa sababu mtu aliyewahi kusimamia darasa la watoto arobaini na watano anajua jinsi siku ya mwalimu inavyobana kabla ya kumtoa mwanafunzi katikati ya kipindi.

Mtihani wenyewe una maswali ya kuchagua na sehemu moja ya kuandika, ambapo mtahiniwa hupewa taarifa za mwanafunzi au shule na kutakiwa kuzichambua. Alama ya kupita ni 240 katika kipimo cha 100 hadi 300, na jimbo huruhusu majaribio matano tu kwa jumla. Nimeona walimu wetu wakiuogopa mtihani huu kuliko yote. Aliyefanya mazoezi yake kwa uaminifu hana sababu ya kuuogopa, maana sehemu ya kuandika inauliza yale anayoyafanya kila Jumatano na msimamizi wake.

Vyeti vya Kenya mezani

Hapa alipoteza miezi ambayo wengine hawapaswi kuipoteza. Shahada ya nje hufanyiwa tathmini na taasisi inayokubaliwa, na tathmini inayotakiwa ni ile inayoorodhesha kozi moja moja. Yeye alilipia kwanza ile ya jumla, inayosema tu kwamba shahada yake ni sawa na shahada ya kwanza ya Marekani. Chuo kikaikataa. Akalipa tena.

Kisha taasisi ikataka nakala za matokeo zitoke chuoni moja kwa moja, kwa bahasha iliyofungwa au kwa njia ya kielektroniki, si kutoka mkononi mwake. Ndugu yake alikwenda ofisi ya msajili mara kadhaa kabla karatasi hazijatoka. Ukiwa bado Kenya na unafikiria safari hii, shughulikia nakala hizo kabla hujapanda ndege, lipa madeni yote ya maktaba na ya ada ili chuo kisiwe na sababu ya kukuzuia, na omba pia maelezo rasmi ya kila kozi.

Jambo jingine ni alama. Kenya, asilimia 64 ni daraja la pili la juu, na mtu huandaliwa sherehe. Nchini Marekani msomaji asiyejua mfumo wetu anaiona 64 kama alama ya mtu aliyekaribia kuanguka. Taasisi ya tathmini ndiyo inayobadilisha alama kwa kuzingatia mfumo wa Kenya, kwa hiyo usikubali kujaza mwenyewe wastani wako kwenye fomu ya maombi kwa kupiga hesabu ya moja kwa moja. Mwalimu alifanya hivyo kwenye fomu ya kwanza na programu moja ikamjibu kwamba hafikii kiwango, siku mbili tu baada ya kutuma. Tathmini ilipotoka, wastani wake ulipita kiwango hicho vizuri.

Njia mbili

Baada ya hapo alikuwa na barua mbili za kukubaliwa. Nitakaa hapa zaidi, kwa sababu ndipo uamuzi ulipo.

Programu ya kwanza ilikuwa ya mtandaoni, krediti 48, mazoezi ya saa 160 yaani kiwango cha chini kabisa cha jimbo. Ada ilikuwa nafuu, na mwanafunzi mwenye bidii angeimaliza chini ya miaka miwili. Kwenye kundi la WhatsApp la Wakenya wa Dallas na Fort Worth, karibu kila mtu alimwambia achukue hiyo. Shemeji yake alimwambia, "Mama Wanza, cheti ni kile kile. Mwajiri haangalii ulikaa miaka mingapi."

Ya pili ilikuwa ya krediti 60 na ilikuwa imeidhinishwa na CACREP, baraza la kitaifa lililoanzishwa mwaka 1981 kusimamia ubora wa programu za ushauri. Viwango vya baraza hilo vinadai mazoezi ya awali ya saa 100, kati yake 40 zikiwa za kukaa na wateja uso kwa uso, kisha mafunzo kazini ya saa 600, kati yake 240 za kuhudumia wanafunzi moja kwa moja. Jumla ni saa 700. Katika muda huo wote kuna saa ya usimamizi kila wiki na kikao cha kundi, na lazima kuwe na rekodi za sauti au video, au msimamizi aketi ndani akitazama.

Weka 160 na 700 kando kwa kando. Zote mbili zinaishia kwenye cheti kile kile cha Texas. Shemeji alisema kweli kuhusu karatasi.

Mwalimu alikuwa mhudumu wa zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Hapo ndipo uzito ulipokuwa. Watoto wako shuleni mchana, na mafunzo kazini hayalipwi. Saa 600 kwa mihula miwili ya wiki kumi na tano ni saa ishirini kila wiki, mchana, bila senti. Mtu anayetoka kazini saa moja asubuhi hawezi kuingia ofisini kwa mshauri saa mbili na kumsikiliza mtoto anayesema hataki kuishi. Anaweza kuwepo pale kwa mwili, lakini mtoto atajua.

Ushauri wangu ulikuwa achukue ile ndefu, lakini aichukue polepole. Sababu ya kwanza ni ya kivitendo. Ana mume mwenye kazi inayoweza kuwahamisha jimbo, na majimbo mengine hukaza zaidi. California, kwa mfano, hutaka mazoezi yafanyike katika ngazi mbili tofauti za shule. Programu yenye krediti 60 na saa 700 hupokelewa kwa urahisi kwingine. Ile ya 48 na 160 inaweza kumrudisha darasani akiwa na miaka hamsini. Sababu ya pili ni leseni ya mshauri wa kitaalamu, LPC, ambayo watu wengi huichanganya na cheti cha shule. Hiyo ni leseni ya kutoa tiba ya ushauri nje ya shule, hutolewa na bodi nyingine, na inadai uzamili wa krediti 60. Anayemaliza na 48 akitaka LPC baadaye itambidi arudi chuoni.

Sababu ya tatu ndiyo iliyonisukuma kweli. Alikuwa amefanya kazi hii miaka minne bila mtu wa kumwangalia. Alikuwa na tabia nzuri na tabia mbaya zilizokomaa pamoja, na saa 160 hazitoshi kuzitenganisha.

Mume alipiga hesabu. Kama mkazi wa kudumu aliweza kuomba msaada wa serikali kuu wa wanafunzi kwa fomu ya FAFSA, na kwa kuwa walikuwa wameishi Texas zaidi ya mwaka mmoja, angelipa ada ya wakazi. Walikubaliana achukue kozi mbili kwa muhula, aache zamu za usiku mwaka wa mazoezi utakapofika, na ahamie kwenye zamu ndefu za wikendi. Pia aliomba kazi ya msaidizi wa darasani katika wilaya ya elimu, mshahara mdogo lakini saa za mchana, na ndani ya shule.

Dakika kumi na mbili za sauti

Shule aliyopangiwa kwa mazoezi ilikuwa na watoto wa wakimbizi kutoka Kongo. Fort Worth, Dallas, Houston na Abilene zimepokea familia nyingi za Wakongomani, na Kiswahili kimeingia katika korido za shule ambako miaka ishirini iliyopita hakikusikika. Mmoja wa wanafunzi aliopewa alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano aliyezaliwa kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Alikuwa akikosa shule siku mbili kwa wiki. Walimu waliandika "hana ari."

Mwalimu alipata idhini ya maandishi ya mzazi, akarekodi kikao cha kwanza, akampelekea msimamizi pamoja na tafsiri. Ndani ya dakika chache tu msichana alieleza kwamba siku hizo mbili huwa anakwenda kumtafsiria mama yake hospitalini na kwenye ofisi za msaada, kwamba amechoka, na kwamba mama akikasirika humwambia hana shukrani.

Kilichofuata kwenye rekodi ni sauti ya mwalimu. "Sikiliza binti yangu, mama yako amepitia mengi. Lazima umheshimu. Ukisoma kwa bidii utamsaidia zaidi baadaye." Msichana akajibu, "Ndiyo, Mama." Baada ya hapo hakusema tena chochote cha maana hadi kikao kikaisha.

Msimamizi, mwanamke aliyekuwa mshauri wa shule kwa miaka mingi, alipima muda. Katika dakika kumi na mbili, mwalimu alizungumza zaidi ya nane. Kisha akauliza swali moja: baada ya mtoto kusema amechoka, ulimjibu uchovu wake wapi? Mwalimu alisikiliza tena na hakupaona.

Aliniambia kwamba hakulala usiku ule. Huko nyumbani maneno yale yangesifiwa. Ndivyo mzazi mwema anavyosema, ndivyo kasisi anavyosema, ndivyo yeye mwenyewe alivyokuwa akisema kwa miaka minne, na wanafunzi walijibu "ndiyo" na kuondoka. Sitaki mtu asome hapa kwamba mila zetu za kumuusia mtoto ni mbovu. Kuusia kuna mahali pake, na mtoto wa Kongo anayemwita mshauri "Mama" anatarajia heshima ya mama. Lakini huyu alikuwa ameusiwa tayari na kila mtu. Hakuwa na mtu hata mmoja aliyemwachia amalize sentensi.

Kikao kilichofuata mwalimu alisema machache. Aliuliza siku ya kwenda hospitali huanzaje, akanyamaza. Msichana alieleza kwamba alikuwa amemtafsiria mama yake matokeo ya uchunguzi wa kansa kabla hajajua neno hilo kwa Kiswahili. Hapo ndipo kazi ilipoanza: shule ikaandika barua, hospitali ikakumbushwa wajibu wake wa kuleta mkalimani mtu mzima, na siku mbili zile zikarudi darasani. Kesi hii haikuhitaji nadharia kubwa. Ilihitaji mtu asikilize rekodi na kuuliza swali moja kali, na katika programu ya saa 160 kikao hicho kingeweza kupita bila mtu kukisikia.

Mafunzo pia yalimpa yale ambayo hekima peke yake haiwezi kumpa. Alijifunza kwamba sheria ya familia ya Texas inamtaka yeye mwenyewe aripoti anaposhuku mtoto anadhulumiwa, na kwamba kumwambia mwalimu mkuu hakumwondolei wajibu huo. Kule Machakos alikuwa amezoea kupeleka jambo kwa naibu mwalimu mkuu na kuliacha huko. Alijifunza kuhusu FERPA, sheria ya mwaka 1974 ya faragha ya rekodi za wanafunzi. Alisoma kesi ya Plyler dhidi ya Doe, iliyotoka Tyler, Texas, ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani iliiamua mwaka 1982 kwamba jimbo haliwezi kumnyima mtoto shule ya umma kwa sababu hana karatasi za uhamiaji. Kwa hiyo mshauri hamuulizi mtoto hali yake ya uhamiaji, hata mtoto akiwa na lafudhi kama yake. Na alijifunza hesabu ya kuhitimu sekondari: krediti 22 za msingi, 26 kwa anayetaka mchepuo, na kwamba kijana aliyefika akiwa na miaka kumi na saba bila hata karatasi moja ya matokeo bado ana haki ya kusoma hadi afikishe 21. Wazazi wengi wa Kikongomani hawalijui hilo, na vijana wao wanaacha shule wakiamini wamechelewa.

Ofisi na cheti vikikutana

Ingekuwa si haki kusimulia mafunzo na kunyamazia kazi. Chama cha washauri wa shule cha Marekani, ASCA, kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250. Wastani wa nchi katika mwaka wa masomo 2022–2023 ulikuwa 385 kwa mmoja. Katika shule ya mazoezi mwalimu aliona kila masika mshauri aliyekuwa akimwongoza akigeuzwa mratibu wa mitihani ya jimbo, akihesabu penseli na kufunga masanduku huku watoto wakirudishwa mlangoni. ASCA inaitaja kazi hiyo miongoni mwa zile ambazo mshauri hapaswi kupewa, pamoja na kutoa adhabu na kushika madarasa ya walimu wasiokuwepo.

Texas ilijaribu kulirekebisha hilo mwaka 2021 kwa mswada SB 179, unaotaka mshauri atumie angalau asilimia 80 ya muda wake katika kazi za ushauri. Wilaya ikishindwa, bodi yake lazima ipitishe sera inayoeleza kwa nini. Ninaipenda sheria hiyo kwa sababu inampa mshauri mpya karatasi ya kuweka mezani anapozungumza na mwalimu mkuu. Nilimwambia mwalimu aandike shajara ya muda wake tangu wiki ya kwanza ya ajira, siku kwa siku.

Lakini miaka miwili baada ya hapo bunge lile lile lilipitisha mswada SB 763, unaoruhusu wilaya kuajiri au kupokea kwa kujitolea makasisi shuleni bila cheti cha bodi ya jimbo inayotoa vyeti vya elimu. Kila wilaya ilitakiwa kupiga kura kufikia tarehe 1 Machi 2024, na wilaya kadhaa kubwa zilikataa. Mimi ni mtu wa dini, na nasema bila kusita kwamba zilifanya sawa. Mtu anayekaa na mtoto mlango ukiwa umefungwa lazima awe amesikilizwa na msimamizi kabla ya siku hiyo, awe na vazi la kikuhani au asiwe nalo. Kenya tayari tumeishi na mpangilio wa kumpa ushauri yeyote mwenye moyo mwema, na mwalimu wetu ndiye ushahidi wa kile unachoweza na kile usichoweza.

Alipofikia

Amemaliza saa 100 za awali na muhula wa kwanza wa mafunzo kazini. Zimebaki saa 300, kozi tatu na mtihani. Akipata cheti kitahuishwa kila miaka mitano kwa saa 200 za kujiendeleza, na ameshaanza kuweka kumbukumbu za semina anazohudhuria, tabia aliyoipata baada ya lile somo la nakala za matokeo. Wilaya anakofanya kazi ya msaidizi imemwambia inamtaka, hasa kwa Kiswahili. Nimemwonya kuhusu hilo. Mshauri anayejua lugha hugeuzwa mkalimani wa shule nzima, na saa hizo humeza zile asilimia 80. Akisaini mkataba, aulize kwa maandishi nani atakuwa mkalimani.

Limebaki suala la LPC. Anataka kuanza mara moja saa 3,000 zinazotakiwa baada ya shahada, 1,500 kati yake za kuwahudumia wateja moja kwa moja, akizifanya jioni katika kliniki huku mchana yuko shuleni. Anaamini akichelewa hatarudi. Nimemwambia afanye kwanza mwaka mmoja kamili wa shule, apite msimu mmoja wa mitihani na msimu mmoja wa kuhitimu, ndipo aombe usajili wa bodi. Bado hatujakubaliana. Programu yake inamtaka aonane na mshauri wake wa masomo mwezi ujao, na amesema ataliweka mezani hapo pamoja na mume wake.